Sheria Kibogoyo Kitandani pa Mgonjwa

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inaitoza hospitali faini isiyozidi shilingi milioni tatu endapo itashindwa kumpa mgonjwa matibabu ya dharura ilhali ina uwezo wa kuyatoa. Ni kifungu kizuri, nami sina ugomvi nacho. Kinatilia nguvu ibara ya 43(2) ya Katiba ya mwaka 2010, inayosema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini soma mbele kidogo, msomaji. Kifungu cha 8 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa haki yake ya kukataa matibabu anayopendekezewa. Kifungu cha 9 kinakataza kumtibu mtu bila ridhaa yake. Katika vifungu hivyo viwili, tafuta faini ya hospitali inayomtibu kwa nguvu mgonjwa aliyekwisha kukataa, kwa maandishi, akiwa na akili timamu na mbele ya mashahidi. Hutaiona. Mtunga sheria aliyekumbuka kutaja mamilioni ukurasa mmoja nyuma, hapa kalamu imemkaukia.

Siandiki haya kama mwanasheria. Kazi yangu ni kufundisha siasa. Ninaandika kama mtu aliyeshiriki katika uvunjaji wa haki hiyo, na nitaeleza jinsi nilivyoshiriki kabla ya kumlaumu mtu mwingine yeyote.

Shangazi yangu alifundisha shule za msingi huko Taita kwa miaka thelathini na minne. Alipoambiwa kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba imekwisha kusambaa, aliuliza maswali yote aliyotaka kuuliza, akarudi nyumbani, akaketi mezani na kuandika barua kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Alisema asiwekewe mashine ya kupumulia, moyo wake ukisimama usishtuliwe, apewe dawa ya maumivu kadiri itakavyohitajika, na ikiwezekana afie nyumbani. Aliitia sahihi mbele ya mzee wa kanisa na jirani yake, muuguzi mstaafu. Nakala moja aliipeleka mwenyewe katika hospitali ya binafsi aliyokuwa akitibiwa mjini Mombasa, ikawekwa katika faili lake. Ya pili ilikaa mkobani mwake. Ya tatu alinipa mimi, akasema: "Wewe ndiye unayejua kusoma, mwanangu. Watakapojifanya hawajui, wasomee."

Usiku aliobanwa na pumzi, majirani walimkimbiza hospitali hiyohiyo. Siwalaumu, walifanya liwapasalo majirani. Moyo ukasimama akiwa tayari yumo ndani. Wakamkandamiza kifua hata mbavu mbili zikavunjika, wakaushtua moyo kwa umeme, wakampitishia mrija kooni, wakamlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nilipofika asubuhi kwa basi la usiku kutoka Nairobi, faili lilikuwa mezani na barua ilikuwa ndani ya faili.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilimwonyesha nakala yangu. Maneno yake sijayasahau: "Mzee, barua nimeisoma na ninaielewa. Lakini nikiutoa mrija huu, kesho nitaitwa mbele ya Baraza la Madaktari. Nikiuacha, nani atanishtaki?" Baadaye afisa wa utawala alikuja kunieleza kwamba hati hiyo haiko kwenye fomu ya hospitali, haina muhuri, na imeandikwa kwa Kiswahili. (Katiba, ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi ya Jamhuri. Nilimwambia hivyo. Alitabasamu.) Kisha binamu yangu, mwanawe wa pekee, akapiga simu kutoka Doha anakofanya kazi, akilia: fanyeni kila linalowezekana, mimi nitatuma pesa. Fomu ya ridhaa ikaletwa. Barua ya shangazi ilikuwa katika mfuko wa koti langu. Nilitia sahihi.

Aliishi siku kumi na saba. Mikono yake ilifungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda ili asiuchomoe mrija. Mara mbili dawa ya usingizi ilipopungua alifungua macho, na mara zote mbili alinitambua. Bili ililipwa kwa harambee, kwa pesa za Doha, na kwa kuliweka rehani shamba la ekari mbili alilolinunua kwa mshahara wa ualimu.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba tatizo lilikuwa woga wangu. Lilikuwa woga wangu, ndiyo. Lakini hebu tupime jinsi watu watatu waliokuwa kwenye ule ujia walivyopangiwa mambo na sheria. Daktari: akiacha kutibu, kuna Baraza, kuna leseni, kuna faini, akiendelea, hakuna kitu. Hospitali: ikiacha, kuna hatari ya kesi, ikiendelea, kila siku ya mashine ni siku ya kutoza. Ndugu: akisema "acheni", ukoo mzima utamwita muuaji mpaka siku ya matanga na baada yake, akisema "endeleeni", ataitwa mwenye upendo. Pande zote tatu mizani ililalia mahali pamoja. Mtu pekee aliyekuwa na sababu ya kuuvuta mkono wa pili wa mizani alikuwa amefungwa kitandani na mrija kooni. Sheria ilipaswa kusimama mahali pake, nayo haikusimama.

Watetezi wa sheria iliyopo watanionyesha kifungu cha 9 tena. Nimekisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kinaruhusu kutibu bila ridhaa pale ambapo kuchelewa kungeweza kumletea mgonjwa kifo, lakini kwa sharti kwamba mgonjwa mwenyewe hakuwa ameyakataa matibabu hayo, waziwazi, kwa ishara au kwa mwenendo wake. Sharti hilo ni dhahabu tupu. Tatizo ni kwamba katika orodha hiyohiyo, mistari michache juu yake, kuna ruhusa nyingine: mgonjwa anayetibiwa katika hali ya dharura. Hapo sharti la kutokukataa halikutajwa. Na dharura ni nini? Sheria inaeleza kwamba matibabu ya dharura ni yale yanayopaswa kutolewa mara moja ili kuzuia kifo au hali kuzidi kuwa mbaya. Kwa maana hiyo, kila kifo kinachotokea ndani ya hospitali ni dharura. Mzee wa miaka tisini anayekata roho kwa utulivu ni dharura. Mlango mmoja umefungwa kwa kufuli, na dirisha la pembeni likaachwa wazi, na kila mtu hupita dirishani.

Wengine wataniambia niende mahakamani. Kumgusa mtu asiyetaka kuguswa ni shambulio, na madai ya marehemu huweza kuendelezwa na mirathi yake. Kweli. Lakini hakimu atauliza swali moja litakalowanyamazisha mawakili wetu: hasara ni ipi? Mliongezewa siku kumi na saba za kuwa naye. Mnadai fidia ya uhai?

Swali hilo si la kubuni. Wamarekani, waliotutangulia katika mambo haya kwa miaka mingi, waligonga mwamba huohuo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliwaruhusu wazazi wa Karen Ann Quinlan kuomba mashine ya binti yao iondolewe, na mwaka huohuo California ikatunga sheria ya kuutambua wosia wa matibabu. Mwaka 1990, baada ya kesi ya Nancy Cruzan kufika katika Mahakama ya Juu ya nchi, bunge lao likapitisha sheria ya kuzitaka hospitali zinazolipwa na mifuko ya serikali zimuulize kila mgonjwa anayelazwa kama ana maagizo ya aina hiyo. Haki ikajaa katika vitabu. Kisha ikaja kesi ya Ohio. Mzee wa miaka 82 alikuwa ameagiza moyo wake usishtuliwe, muuguzi akaushtua, mzee akanusurika, siku mbili baadaye akapatwa na kiharusi, akaishi karibu miaka miwili akiwa amepooza upande mmoja. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema kwamba kuendelea kuishi si madhara yanayolipiwa fidia. Yaani agizo lake lilikuwa halali kabisa, na kulivunja hakukugharimu mtu senti.

Mahakama nyingine zimeona vingine. Ontario, nchini Kanada, mwaka 1990, mahakama ya rufani ilithibitisha fidia ya dola 20,000 dhidi ya daktari aliyemwongezea damu mwanamke aliyezirai, ambaye mkobani mwake kulikuwa na kadi ya kukataa damu kwa ajili ya imani yake. Huenda daktari huyo aliokoa maisha yake, na hakuna aliyetilia shaka nia yake njema. Mahakama ilisema tu kwamba nia njema ya daktari haiwi badala ya ridhaa ya mgonjwa. Uingereza, mwaka 2017, hospitali iliyoipoteza hati ya bibi mmoja katika makaratasi yake, ikamlisha kwa mrija kwa karibu miaka miwili kinyume cha alivyoandika, ilikubali kuilipa familia pauni 45,000. Jimbo la Georgia, mwaka 2016, Mahakama ya Juu ilikataa kuikinga hospitali iliyomwekea mashine ya kupumulia bibi wa miaka 91 bila kumsikiliza mjukuu aliyekabidhiwa mamlaka kwa maandishi. Na California imeandika kiasi chenyewe katika sheria zake: anayevunja maagizo kwa makusudi hulipa dola 2,500 au hasara halisi, lolote lililo kubwa zaidi, pamoja na gharama za wakili, anayeghushi au kuficha hati hulipa dola 10,000.

Nitasema wazi kwamba dola 2,500 ni mzaha. Hospitali kubwa hutoza zaidi ya hizo kwa siku moja ya chumba cha mahututi, na penye faida kubwa kuliko faini, faini hugeuka kuwa ada ya leseni. Lakini wazo lililo ndani yake ni zuri kuliko kiasi chake. Sheria inayotaja kiwango cha chini cha fidia inamwondolea mlalamikaji mzigo wa kuthibitisha kwamba uhai wa mateso ulikuwa hasara. Haihitaji hakimu apime thamani ya siku kumi na saba. Inauliza jambo moja tu: aliagiza, au hakuagiza? Mlijua, au hamkujua?

Sasa nije kwenye pingamizi ninaloliheshimu. Katika nchi ambamo mgonjwa wa ajali huzungushwa hospitali tatu akitafuta kitanda, ambamo mlango haufunguki bila amana, kulalamika juu ya kutibiwa kupita kiasi ni anasa ya watu wenye bima. Mwenzangu mmoja idarani aliniambia hivyo usoni, na zaidi: ukiwapa hospitali karatasi ya kuacha kutibu, maskini ndio watakaosainishwa kwanza. Ninaogopa jambo hilo kama yeye. Lakini tazama vizuri ni nani anayetenda yote mawili. Taasisi inayomrudisha maskini mlangoni kwa kukosa amana ndiyo inayomshikilia aliyeingia mpaka shamba liishe. Uovu ni mmoja: mwili wa mgonjwa unaamuliwa na daftari la hesabu. Yule wa mlangoni tumempa sheria yenye faini ya milioni tatu. Yule wa kitandani tumempa nini?

Pingamizi la dini nitalipita haraka, kwa kuwa wanaolitoa kwa kawaida hawajasoma walichoandika viongozi wao. Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa usingizi mwaka 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha maisha. Huko Saudi Arabia, fatwa namba 12086 ya mwaka 1988 iliruhusu kutotumia vifaa vya kufufua pale madaktari watatu waaminifu wanapokubaliana kwamba havitafaa kitu. Fatwa hiyo inawategemea madaktari kuliko mgonjwa, jambo ambalo mimi ningelibishia. Lakini haisemi kwamba Mungu anataka kila mrija uliopo dukani upitishwe kooni mwa kila anayekufa. Na wala kukataa mashine si kujiua. Saratani ndiyo iliyomuua shangazi yangu, kwa tarehe mbili tofauti: ile iliyokuwa yake na ile aliyopangiwa.

Kuhusu hoja ya ukoo nitakaa zaidi, maana ndiyo iliyonishinda mimi. Kwetu mgonjwa si mtu mmoja. Anauguzwa na wengi, anachangiwa na wengi, na uamuzi juu yake hukaliwa kikao. Sidharau utaratibu huo, umetulea. Lakini ukoo wetu unajua pia kitu kinachoitwa wosia. Mzee akisema kabla ya kufa kwamba shamba la mtoni ni la binti yake, wanaume wanaweza kununa, ila hawathubutu kuhamisha mipaka, maana neno la mtu anayekufa lina uzito kuliko kikao. Iweje neno lake juu ya shamba lituogopeshe, na neno lake juu ya koo lake mwenyewe tulipuuze? Shangazi hakuutoroka ukoo alipoandika barua ile. Aliukabidhi kazi. Alinikabidhi mimi.

Ninachokitaka, basi, ni marekebisho ya Sheria ya Afya yenye mambo machache yaliyo wazi. Maagizo yaliyoandikwa na mtu mzima mwenye akili timamu, kwa Kiswahili, Kiingereza au lugha anayoandika vizuri, mbele ya mashahidi wawili wasio warithi wake wala waajiriwa wa hospitali, yawe na nguvu ya kisheria hata wakati wa dharura. Mgonjwa aweze kuyafuta wakati wowote, kwa neno au hata kwa kutikisa kichwa. Penye shaka ya kweli juu ya hati, mgonjwa atibiwe kwanza, na daktari ambaye hakuiona hati asiguswe na mtu. Lakini taasisi iliyokuwa nayo faili ikaipuuza, ilipe faini ileile ya milioni tatu iliyowekwa kwa anayenyima matibabu. Ilipe taasisi, si yule kijana wa zamu. Naye alindwe waziwazi dhidi ya Baraza anapotii maagizo halali. Anayeficha au kuchana hati, awe daktari au mtoto wa marehemu, ashtakiwe kwa kosa la jinai.

Na jambo moja ambalo sijaliona likipewa uzito unaostahili hata katika nchi nilizozitaja: matibabu yoyote yaliyotolewa kinyume cha maagizo hayo yasitozwe hata shilingi. Asiyeomba asilipishwe. Fundi akiingia nyumbani mwako ukiwa safarini, akabomoa ukuta uliokwisha kumwandikia asiuguse, hatakuletea bili. Na akiileta, utamcheka. Kifungu hiki kimoja, ninaamini, kingefanya kazi kubwa kuliko faini zote. Kesho yake asubuhi ofisi za hesabu za hospitali zingekuwa za kwanza kuuliza, mgonjwa anapolazwa, kama ana barua.

Iandamane na wajibu wa pili, la sivyo nitakuwa nimewapa hoja wale wanaohofia kutelekezwa kwa maskini. Anayekataa mashine hajakataa kuuguzwa. Shangazi aliomba dawa ya maumivu katika sentensi ileile aliyokataa mrija. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza asiyeweza kuponywa, si kitu kigeni kwetu: Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na majirani zetu wa Uganda tangu mwaka 2004 wamewaruhusu wauguzi waliofunzwa kuandika dawa ya mofini, ili mgonjwa wa kijijini asisubiri daktari ambaye hayupo. Hospitali inayotii nusu ya kwanza ya barua na kuinyima nusu ya pili iwe imevunja barua nzima.

Wanafunzi wangu wameniuliza kama chini ya sheria hii mimi mwenyewe ningeadhibiwa. Nimelifikiria. Sikuificha barua, niliionyesha, kisha nikatia sahihi juu yake. Kwa mapendekezo haya nisingefungwa, ila sahihi yangu ingekuwa batili. Afisa wa utawala asingethubutu kuniletea ile fomu. Ningemwambia binamu yangu kwenye simu kwamba sina uwezo, sheria imenikataza, na angeweza kuichukia sheria badala ya kunichukia mimi, na sote wawili tungeketi, yeye Doha na mimi Mombasa, tukingoja kitu ambacho kingechukua labda saa chache. Nilihitaji kukatazwa. Nadhani ndugu wengi walioko kwenye ujia ule usiku huu wanahitaji hivyo.

Mapendekezo haya nimeyaandika kwa lugha ya kisheria, kwa msaada wa rafiki wakili, nikayapeleka kwa mbunge wetu pamoja na nakala ya barua ya shangazi, jina lake likiwa limefutwa. Ni mwezi wa nne sasa. Msaidizi wake aliniandikia mara moja tu, akiuliza kama ninaweza kumpelekea tafsiri ya Kiingereza.